Shajara ya mradi: kufufua mashine nne za kunyolea za wembe wa makali upande mmoja

Shajara hii inahusu mashine nne za kunyolea za zamani, zote za wembe wa makali upande mmoja na zote zilizotengenezwa Marekani. Lengo ni zinyoe. Kung'aa ni jambo la mwisho, na kama itakavyoonekana hapa chini, pupa ndiyo iliyoleta hasara karibu zote. Kila hatua imeandikwa ilipokamilika, pamoja na bei, ili mwenye mashine kama hizi aifuate au aikwepe.

11 Januari 2025: Zilizonunuliwa

Zote zimetoka kwenye gulio la vitu vya kale, New Jersey:

- GEM Damaskeene, ambayo wakusanyaji huiita 1912. Kifuniko chake kina bawaba na hufunguka kwa kidole. Dola 14.
- GEM 1912 nyingine, iliyobonyea mpini. Imenunuliwa iwe ya vipuri. Dola 6.
- Ever-Ready 1924, yenye kichwa kipana kama sepetu. Dola 11.
- GEM Micromatic ya meno wazi, yaani ukingo wake wa mbele umekatwa kama kitana, ya miaka ya 1930, iliyopakwa dhahabu. Hufunguka kwa kuzungusha kitufe chini ya mpini. Kitufe hakizunguki. Dola 25.

Kwa msomaji wa Kariakoo au Mombasa, neno wembe linaleta picha ya Topaz au Nacet: bapa jembamba lenye makali pande mbili, upana milimita 22, unene sehemu moja ya kumi ya milimita. Huo ndio ukoo wa Gillette, kampuni iliyoanza mwaka 1901. Mashine za hapa ni za ukoo mwingine na mkubwa zaidi kwa umri. Ndugu watatu wa Kampfe, wa New York, walipata hataza ya mashine yao ya Star mwaka 1880, nayo ilitumia kipande kinene cha wembe wa kinyozi ambacho mwenyewe alikinoa na kukipitisha kwenye mkanda. Baadaye zikaja GEM na Ever-Ready zenye wembe wa kutupa, na mwaka 1919 koo hizo zikaunganishwa chini ya American Safety Razor ya Brooklyn.

Wembe wa GEM una urefu wa milimita 38, upana wa takriban 19, na unene wa 0.23, yaani zaidi ya mara mbili ya Topaz. Nyuma una mgongo wa bati lililokunjwa. Ugumu huo ndio sababu ya mradi mzima. Wembe mnene haupindi wala hautetemeki unapokutana na ndevu ngumu zilizojisokota. Unakata na kupita.

12 Januari: Ukaguzi kabla ya maji

Usioshe kitu kabla hujakikagua kikiwa kikavu, kwa lenzi ya kukuza mara kumi na tochi. Ukoko wa sabuni ya miaka themanini unaweza kuwa ndio unaoshikilia ufa usifunguke, na ukiuondoa bila kujua ufa ulipo, utaumaliza kwa mswaki.

Kwenye 1912 na Ever-Ready, angalia kwanza vikomo. Ni vipande viwili vidogo vya chuma, kimoja kila pembe ya mbele ya kichwa. Nyuma, ndimi za springi zinausukuma mgongo wa wembe hadi pembe za makali ziguse vikomo hivyo. Kila kitu kinategemea hapo: vikomo vikiwa sawa, makali yanakaa sambamba na kizingiti, ule ukingo wa mbele unaotandaza ngozi kabla makali hayajafika. Kikomo kimoja kikiwa kimelika, upande huo wa wembe unachungulia nje kupita kiasi, na hakuna ustadi wa mkono utakaouzuia kukata.

Vikomo kulika ni jambo la kawaida. Brasi ni laini kuliko makali ya wembe, na maelfu ya nyembe zimegonga palepale. Kwa lenzi utaona mfereji mwembamba kama ukucha ulivyobonyeza sabuni.

Yaliyoonekana: 1912 ya kwanza, kikomo cha kushoto kina mfereji, cha kulia ni kizima. 1912 ya vipuri, vikomo vyote vizima, ulimi mmoja wa springi umelegea. Ever-Ready, vizima vyote, kutu kidogo kwenye bawaba. Micromatic haifunguki, haijakaguliwa ndani.

Mashine hizo mbili za 1912 zingeuzwa kwa bei zilizobadilishana kama muuzaji angetazama vikomo badala ya mpini.

18 Januari: Kuosha, na kosa la siki

Maji ya nyuzi 50 hivi, matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo, dakika thelathini, mswaki laini, njiti ya meno kwenye kona, rudia mara tatu. Ever-Ready na 1912 ya vipuri zikatoka safi. Hakuna zaidi la kuandika juu yake.

Kwenye 1912 ya kwanza ukoko mweupe haukutoka. Ni sabuni iliyoungana na chokaa ya maji magumu, kwa hiyo tulitumia siki nyeupe ya jikoni, bila kuichanganya na maji, na mashine ikalowekwa saa mbili. Ukoko ukaisha. Lakini pale nikeli iliyopakwa juu ya brasi ilipokuwa imechubuka, kwenye ukingo wa kifuniko na kwenye maungio ya mpini, brasi ya manjano ilikuwa imegeuka ya waridi.

Waridi hiyo si uchafu. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na asidi huila zinki kwanza. Kinachobaki juu ni shaba tupu, laini na yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Vilevile siki hupenya chini ya nikeli kupitia mchubuko na kuanza kuibandua kutoka ndani. Kando ya kifuniko, kipande cha nikeli cha ukubwa wa punje ya mchele kilinyanyuka siku mbili baadaye.

Marekebisho: mashine ilisuuzwa, ikalowekwa dakika tano kwenye maji yenye kijiko cha baking soda ili kuua asidi iliyobaki kwenye maungio, ikasuuzwa tena na kukaushwa kwa hewa ya moto ya kikausha nywele. Nikeli iliyonyanyuka ilikatwa kwa ncha ya kisu ili isichane ngozi. Waridi imebaki.

Ukiwa na ukoko wa chokaa, tumia sehemu moja ya siki kwa sehemu kumi za maji, dakika tano tu, na pale tu ambapo nikeli ni nzima. Paka kwa pamba kwenye ukoko wenyewe. Usiloweke.

25 Januari: Kitufe cha Micromatic

Kitufe kiligoma kabisa. Kilichokishika ni sabuni iliyoganda kwenye uzi wa skrubu ndani ya mpini. Kutu haikuwepo, brasi haishiki kutu. Tofauti hiyo tuliijua baada ya kupoteza siku tatu na dola sita kwenye mafuta ya kufungulia kutu. Mafuta hayo hayayeyushi sabuni, na yalipochanganyika nayo yaligeuka kama grisi ngumu.

Jaribio la pili lilikuwa plaisi iliyofungwa kitambaa. Kitambaa kiliteleza, meno ya plaisi yakaacha alama tatu kwenye kitufe. Alama hizo hazitatoka.

Kilichofanya kazi kilikuwa rahisi. Mashine ilisimamishwa kitufe kikiwa chini ndani ya kikombe cha maji moto yenye sabuni, maji yakibadilishwa kila yalipopoa, saa nne. Kisha ikavishwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kimoja kwenye mpini na kingine kwenye kitufe, na kuzungushwa kwa mikono mitupu, kidogo mbele na kidogo nyuma. Kwa mara ya kwanza kilisogea kama upana wa unywele. Baada ya dakika kumi kilifunguka chote, na mpini ukatoa uji wa kijivu.

Usilazimishe upande mmoja. Mipini ya Micromatic ni bomba jembamba la brasi na hupasuka kwa urefu wake, mara nyingi karibu na kichwa. Ukihisi ghafla kitufe kimekuwa chepesi bila kifuniko kusogea, simama utazame mpini kwa lenzi.

Baada ya kukauka, tone moja la mafuta ya cherehani liliwekwa kwenye uzi. Mafuta ya kupikia yasitumike. Baada ya wiki chache hugeuka gundi na utarudi ulikoanza.

1 Februari: Dhahabu imekwenda

Dhahabu kwenye Micromatic ni ukungu tu juu ya chuma. Tulipaka dawa ya kung'arishia chuma kwenye pembe moja ya kifuniko, ndani, kwa kitambaa laini. Baada ya kusugua kama mara ishirini, dhahabu ilikuwa kwenye kitambaa. Pembe hiyo sasa ni nyeupe, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Kwa mashine ya dhahabu: sabuni, maji, kitambaa. Basi. Madoa yatakayobaki baada ya hapo ni sehemu ya mashine.

Kuna hatari nyingine ya dawa hizo ambayo ni kubwa kuliko urembo. Nyingi zina amonia, na brasi iliyokunjwa au iliyo kwenye mkazo, kama ndimi za springi na kifuniko cha 1912, ikikaa na amonia hupasuka. Jeshi la Uingereza liliona jambo hilo huko India: maganda ya risasi ya brasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi yalipasuka msimu wa mvua, na chanzo kilikuwa amonia kutoka mikojo ya farasi. Ukitumia dawa yenye amonia kwenye nikeli, ifute na uisuuze palepale; isibaki kwenye maungio, na usiiloweke mashine kamwe. Bado chupa yetu imejaa na haitatumika tena.

Wenye Ever-Ready ya mpini wa seluloidi, ule unaofanana na pembe ya ndovu, wauepushe na maji ya moto na asetoni. Wetu ni wa chuma.

8 Februari: Kupima mwanya

Hapa ndipo kazi yenyewe.

Wembe mpya uliwekwa kwenye kila mashine, na mwanya kati ya makali na kizingiti ukapimwa kwa vile vibati vyembamba ambavyo mafundi magari hupimia nafasi ya plagi. Seti ni dola 7. Kibati huingizwa kutoka mbele bila kulazimisha. Kinachopita bila kukwama na bila kuchezacheza ndicho kipimo. Pima karibu na pembe ya kushoto, katikati, na karibu na pembe ya kulia. Usiburute kibati kwenye makali, utayaua.

Vipimo vya kwanza, kwa milimita:

- 1912 ya kwanza: kushoto 0.80, katikati 0.70, kulia 0.60.
- 1912 ya vipuri: kushoto 0.60, katikati 0.60, kulia 0.50.
- Ever-Ready: 0.65 kote.
- Micromatic: kushoto 0.90, kulia 0.75.

Kwa macho, zote nne zilionekana sawa. Tofauti ya sehemu mbili za kumi ya milimita haionekani, lakini shavu linaiona.

Micromatic ilikuwa na jibu jepesi. Wembe ulikuwa haujasogea hadi mwisho kwa sababu mashine ilifungwa ikiwa imesimama. Ilifunguliwa, ikageuzwa kichwa chini, ikagongwa kidogo kwenye kiganja, ikafungwa hivyohivyo ikiwa imeinama. Kipimo kikawa 0.85 kushoto na 0.85 kulia. Tangu hapo tunaifunga kwa mtindo huo kila mara.

1912 ya vipuri ilikuwa na ulimi uliolegea upande wa kulia, hivyo wembe haukuwa ukisukumwa mbele vya kutosha upande huo. Ulimi ulivutwa kwa kijiti cha mti wa kahawa kilichochongwa ncha bapa, si kwa chuma, kwa sababu chuma huacha mkwaruzo na ufa huanzia kwenye mkwaruzo. Kila mvuto ni mdogo, kisha wembe unarudishwa na kupimwa. Ilichukua mivuto mitano. Matokeo: 0.60 pembe zote.

Zingatia hapo: mashine ya dola 6, yenye mpini uliobonyea, ndiyo sasa iko sawa kuliko ile ya dola 14.

1912 ya kwanza haikuwa na jibu siku hiyo. Mfereji kwenye kikomo cha kushoto ni wa kina cha kama 0.2, na tofauti ya vipimo ni hiyohiyo.

15 Februari: Kikomo kimevunjika

Wazo lilikuwa kukirudisha nyuma kikomo cha kushoto kidogo, ili mfereji wake ulingane na uso wa kikomo kizima. Kilishikwa kwa plaisi ndogo zenye ngozi na kusukumwa. Kilisogea nusu ya safari, kikatoa mlio mdogo kama mbegu inayopasuka, kikabaki kwenye plaisi.

Ukitazama uso wa pale kilipovunjika kwa lenzi utaona sehemu mbili. Theluthi mbili ni nyeusi, ya zamani. Ufa ulikuwepo miaka mingi. Theluthi iliyobaki ni manjano inayong'aa, ndiyo iliyovunjika leo. Sehemu hiyo nyeusi ingeonekana tarehe 12 Januari kama tochi ingelazwa pembeni badala ya kumulika kutoka juu. Mwanga wa pembeni hutia kivuli ndani ya ufa. Mwanga wa juu huufuta.

Zaidi ya hapo, brasi iliyokunjwa kiwandani imekuwa ngumu hapohapo kwenye kunjo. Kuikunja mara ya pili bila kuipasha moto ni kuomba ivunjike, na kuipasha moto ni kuiunguza nikeli na kulegeza springi zilizo jirani.

Njia ambayo ingefaa ni kupiga tupa kikomo kizima cha kulia hadi kilingane na cha kushoto, yaani kuacha pande zote zichungulie sawasawa. Mwanya unakuwa mkubwa kidogo lakini sambamba. Tupa iwe ile nyembamba ya vito, mipigo miwili, pima, mipigo miwili, pima. Njia hiyo haihitaji kukunja chochote.

Uamuzi: mashine hizo mbili zimebadilishana nafasi. Kichwa cha ile ya dola 6 ndicho kinabaki kunyoa, kikavishwa mpini mzima wa ile ya kwanza. Iliyovunjika imekuwa ghala la vipuri: ndimi mbili za springi, kifuniko na bawaba.

22 Februari: Nyembe zinazofaa na zisizofaa

*Wembe wa kukwangulia rangi, wa duka la vifaa vya ujenzi.* Pakiti dola 4. Kwa macho ni ndugu wa wembe wa GEM, hata vipimo vinakaribiana, na ndiyo maana watu wengi hudanganyika. Uliingia kwenye Ever-Ready kwa shida kwa sababu mgongo wake ni mnene zaidi. Ulipojaribiwa kwenye mkono uliopakwa povu, ulikwangua bila kukata na kuacha mistari myekundu. Makali yake yamenolewa kwa ajili ya rangi na kioo, hayana ule utando laini unaowekwa kwenye nyembe za uso. Usijaribu usoni.

*Nusu ya Topaz.* Hili ni swali la kila anayeishi mahali ambapo nyembe za GEM hazipatikani dukani, kwa hiyo tulilijaribu kwa uangalifu. Wembe ulivunjwa katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Nusu yake ina upana wa milimita 11; wembe wa GEM una 19. Haifiki. Springi inasukuma hewa, makali yanabaki nyuma ya vikomo. Tulichomoa mgongo wa wembe wa GEM uliokwisha na kuibana nusu ya Topaz ndani yake. Ikafika mbele, lakini kwa unene wa 0.10 bila msaada chini yake ilijipinda katikati, na kwenye mkono ikatetemeka na kutoa sauti kama karatasi inayopepea. Hakuna njia hapo. Anayeishi Tanga au Kisumu na anataka mashine hizi ahesabu na gharama ya kuagiza nyembe kabla ya kununua mashine.

*Personna za GEM, chuma kisichoshika kutu.* Pakiti mbili za kumi, dola 18. Hizi ndizo.

Anayesafiri nazo kwenda nyumbani aweke nyembe kwenye mzigo wa chini ya ndege. Mashine tupu, bila wembe, haina tatizo mkononi.

Kabla ya kugusa uso: kila mashine ilikaa dakika kumi kwenye spiriti ya asilimia 70 (dola 3), ikaachwa ikauke yenyewe. Klorini isitumike, inakula nikeli. Na kila mtu na wembe wake, hata ndani ya nyumba moja.

2 Machi: Kunyoa, wiki ya kwanza

Wanyoaji wawili, wote wa ndevu za kipilipili, wote wenye historia ya vipele vya ndevu chini ya taya.

Kosa la kwanza ni pembe. Mkono uliozoea mashine za Topaz unashusha mpini, na kwa GEM hiyo inafanya makali yakwangue. Njia sahihi: laza kifuniko bapa kabisa juu ya shavu, mpini ukiwa karibu umelala mlalo, kisha shusha mpini taratibu hadi makali yaguse tu. Kwa Micromatic kifuniko kinabaki karibu kimelala muda wote.

Pembe ikiwa sawa utaisikia. Bati la kichwa linaimba kila ndevu inapokatwa, sauti kavu kama kuchekecha unga wa mahindi kwenye ungo. Ikinyamaza huku povu linaondoka, unafuta povu tu. Shusha mpini kidogo. Ikivuta, umeushusha mno.

Kosa la pili ni nguvu. Uzito wa mashine unatosha. Shika mpini kwa vidole vitatu, mipigo ya sentimita mbili au tatu, suuza, endelea.

Chini ya pua kichwa ni kikubwa. Peleka kutoka pembeni, kwa upande, si kutoka juu.

Matokeo ya wiki: Ever-Ready na 1912 bila kukata hata mara moja. Micromatic ilikata mara mbili kwenye kidevu. Mwanya wake ni mkubwa na meno wazi hayatandazi ngozi kama kizingiti kizima. Ianzwe na mtu aliyekwisha kuzoea mojawapo ya zile mbili.

23 Machi: Vipele

Wiki ya pili wanyoaji wote wawili walitaka shavu laini kabisa wakapitisha mara ya tatu kuelekea kinyume cha uotaji, ngozi ya shingo ikiwa imevutwa. Siku ya tatu baadaye vipele vilikuwa vimejaa chini ya taya, kulekule vilikokuwa vikijaa wakitumia vichwa vya plastiki vyenye nyembe tano.

Sababu ni moja kwa zote mbili. Vichwa vya nyembe nyingi huvuta unywele nje kabla wembe wa nyuma haujaukata, kisha unywele hurudi ndani ya ngozi. Kuvuta ngozi na kunyoa kinyume kunafanya vilevile hata kwa wembe mmoja. Unywele ulionyooka hutoka tena bila shida. Wa kipilipili, uliokatwa chini ya ngozi na wenye ncha kali, hujikunja na kuchoma ngozi kutoka ndani, na mwili unaupokea kama mwiba. Mashine ya zamani haiponyi vipele kwa kuwa ni ya zamani. Inasaidia kwa sababu ina wembe mmoja unaokata usawa wa ngozi, mradi mnyoaji airuhusu iishie hapo.

Mabadiliko yaliyofanywa, na yanayoendelea:

Kwanza, ramani ya shingo. Ndevu za siku mbili zilipapaswa kwa kidole, mahali kidole kinapoteleza bila kukwaruzwa ndiko zinakoelekea. Kwa mnyoaji mmoja ndevu za shingo upande wa kushoto hulala kuelekea sikio, si chini. Miaka yote alikuwa akizinyoa kinyume akidhani anafuata.

Pili, povu lilowe zaidi. Dakika tatu za kitambaa cha maji ya moto, kisha povu la brashi, kisha kusubiri dakika mbili kabla ya mpigo wa kwanza.

Tatu, kupitisha mara moja kufuata uotaji, povu jipya, na mara ya pili kwa kukingama mashavuni tu. Shingoni mara moja. Ngozi haivutwi. Kunabaki ukwaruzo mdogo wa ndevu ukipapasa, na unaachwa.

Nne, siku ya kati bila kunyoa.

Leo, baada ya siku kumi na mbili za utaratibu huo, mnyoaji mmoja hana kipele kipya. Wa pili ana viwili, vyote kwenye mstari wa kola ya shati.

30 Machi: Gharama

Mashine nne 56. Nyembe za GEM 18. Za kukwangulia rangi 4. Mafuta ya kufungulia kutu 6. Mafuta ya cherehani 4. Vibati vya kupimia 7. Dawa ya kung'arishia 6. Spiriti 3. Jumla dola 104. Kati ya hizo, 16 zilipotea bure: nyembe za rangi, mafuta ya kutu na dawa ya kung'arishia. Wembe mmoja wa GEM ulinyoa mara tano hadi saba kabla ya kuanza kuvuta.

Anayerudia mradi huu kwa mashine moja yenye vikomo vizima atahitaji sabuni, vibati, mafuta ya cherehani, spiriti na pakiti moja ya nyembe. Vibati vinaweza kuazimwa kwa fundi.

19 Aprili: Kupima upya

Baada ya wiki saba za matumizi. Ever-Ready 0.65 kote. Micromatic 0.85 pande zote. 1912: kushoto 0.60, kulia 0.55. Ulimi uliovutwa Februari umeanza kulegea tena.

Haukuvutwa mara ya pili. Umeondolewa, na badala yake umewekwa ulimi wa kulia kutoka mashine iliyovunjika kikomo, ambao haujawahi kukunjwa. Kazi ya dakika arobaini, nyingi zikiwa za kutoa pini ya bawaba bila kukibonda kichwa chake. Pini ilisukumwa kutoka upande wenye ncha nyembamba kwa sindano ya gunia iliyokatwa. Kipimo kipya: 0.60, 0.60, 0.60.

Wembe sasa unatolewa kila baada ya kunyoa, unakung'utwa na kuachwa ukauke nje ya mashine. Haufutwi kwa kitambaa. Kwa wanaoishi pwani, Lamu, Unguja au Mtwara, hilo si la hiari: unyevu wa chumvi ukikaa chini ya mgongo wa wembe huozesha bati hata kama wembe wenyewe haushiki kutu. Nyembe zilizokwisha zinaingia kwenye kopo la nyanya lililotobolewa mpasuo mmoja wa milimita 40 juu. Limejaa robo.

1912 itapimwa tena wembe wa kumi utakapokwisha.